Zebra, filamu ya ACF, utepe wa Z au mpira wa kupimia: uchague kipi?

Fungua multimita ya bei nafuu, ile ya njano aina ya DT830 inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya umeme, kisha legeza skrubu zinazoshikilia kioo. Kioo kitakubakia mkononi bila waya hata mmoja kuning'inia. Kati yake na bodi utakuta kijiti cha mpira laini, na ukiangalia kwa lenzi ule ukingo unaogusa kioo utaona mistari myeusi na myeupe imepangana kama ngozi ya pundamilia. Namba zote unazosoma kwenye mita hiyo zinapita humo. Hakuna lehemu wala gundi. Mpira umebanwa tu, na kazi inaenda.

Sasa chukua kioo cha simu kilichovunjika, kisichofaa tena, ukitazame pale fleksi, ule utepe mwembamba wa plastiki wenye sakiti ndani yake, inapokutana na ukingo wa kioo. Hapo kuna mamia ya njia za umeme zilizosongamana. Kilichozishika ni gundi ambayo, ikishabanwa, inabaki na unene wa maikromita chache tu, ilhali unywele wa mtu una takriban 70. Nayo inapitisha umeme.

Vitu hivi viwili ni ndugu. Vyote huruhusu umeme upite kutoka juu kwenda chini na huukataza usitambae ubavuni kwenda kwa jirani. Wahandisi huviita vipitishi vya anisotropiki, yaani vyenye tabia moja kwa upande huu na tabia nyingine kwa upande ule. Ukoo wenyewe ni mkubwa. Kuna zebra, ule mpira wa mistari, kuna filamu ya ACF (anisotropic conductive film), ile gundi ya kioo cha simu, kuna uji wake unaotumika kwenye kadi za kugusisha, kuna utepe unaobandikwa kwa kidole, na kuna mpira wa soketi za kupimia chipu. Nimeona mafundi wazuri wakipoteza vioo vya bei ghali kwa sababu walichukua ndugu mmoja kufanya kazi ya mwingine, ndiyo maana naviweka hapa kimoja kando ya kingine.

Watu wengi huanza na bei, au na ukinzani. Mimi nakuomba uanze kwingine: kiungo hiki kitafunguliwa tena mara ngapi? Kama jibu ni kamwe, uko kwenye filamu. Kama ni mara chache, pale kifaa kinapoharibika, uko kwenye zebra, na pengine utepe. Kama ni mara elfu kumi, uko kwenye mpira wa kupimia au pini za springi. Maswali mengine mawili yanafuata nyuma yake: njia zimekaribiana kiasi gani, na kila njia itabeba mkondo kiasi gani. Ukiyajibu matatu haya kwa ukweli, mara nyingi unabaki na kitu kimoja tu mezani.

Kwa nini tusilehemu tu?

Kwa sababu kuna mahali lehemu haikubali. Njia za juu ya kioo cha LCD zimetengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati, tabaka jembamba linalopitisha mwanga, na lehemu ya kawaida haishiki juu yake. Plastiki ya PET inayotumika kwenye tepe nyingi na kwenye antena za kadi huanza kulegea joto likiwa chini kabisa ya lile linalohitajika na lehemu isiyo na risasi, ambayo huyeyuka karibu nyuzi 217 za Selsiasi. Na hata pale ambapo joto si tatizo, njia zikiwa zimeachana kwa maikromita makumi machache, tone la lehemu litaziunganisha zote kuwa moja. Vipitishi vya anisotropiki vilizaliwa hapo.

Zebra dhidi ya filamu ya ACF

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo fundi wa kawaida anapokutana na uamuzi huu mara nyingi.

Zebra ni tabaka za mpira wa silikoni zilizopangwa kwa zamu: moja ina kaboni au chembe za fedha ndani yake, inayofuata ni silikoni tupu. Tabaka moja linaweza kuwa na unene wa maikromita 50 hivi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hauhitaji kuulenga. Njia ya kwenye kioo ikiwa pana kuliko tabaka kadhaa, daima kutakuwa na tabaka jeusi linaloigusa, hata ukiuweka mpira umesogea kidogo kushoto au kulia. Unachotakiwa kuhakikisha ni kwamba pengo kati ya njia na njia ni pana kuliko tabaka moja jeusi, lisije likagusa njia mbili kwa pamoja. Pia ubanwe sawasawa kwa urefu wote, takriban asilimia 10 ya kimo chake. Ukibanwa kidogo, baadhi ya vipande vya namba vinapotea. Ukibanwa kupita kiasi, mpira unapinda tumbo na kwa muda unakufa, haurudi tena kimo chake.

Sasa ukinzani. Zebra ya kaboni kwenye njia moja inaweza kuwa na mamia ya omu, hata maelfu. Ukisikia hivyo utadhani ni kitu kibovu. Lakini kioo cha LCD hakili mkondo. Kila kipande chake kinahitaji sehemu ndogo sana ya umeme, kwenye kiwango cha maikroampea. Fanya hesabu: maikroampea 1 kupita kwenye omu 1,000 inapoteza milivolti 1. Hakuna jicho litakaloona tofauti. Kisha jaribu kupitisha humo taa ya LED ya nyuma ya kioo, inayotaka miliampea 20. Utahitaji volti 20 za kupotea bure ndani ya mpira kabla taa haijapata chochote. Kwa hiyo taa ya nyuma siku zote ina waya au pini zake pembeni. Ukiona mtu anataka kuipitisha kwenye zebra ya kaboni, mzuie. Zebra ya fedha hushuka hadi chini ya omu moja na inafaa pale mkondo unapokuwa mkubwa kidogo, ila bei yake iko juu.

Filamu ni jambo lingine kabisa. Ndani ya gundi kumetawanywa chembe za duara za plastiki, kipenyo cha maikromita 3 hadi 10, zilizovikwa nikeli na juu yake dhahabu. Siri iko kwenye uchache wake. Chembe ziko mbalimbali kiasi kwamba hazigusani, hivyo filamu ikiwa imelala tu haipitishi umeme upande wowote. Kichwa cha joto kikishuka juu ya fleksi, gundi inalainika na kutiririka kando. Chembe zilizonaswa kati ya njia mbili zinazotazamana zinaminywa mpaka zinakuwa bapa, na hapo umeme unapata daraja. Zile zilizoangukia kwenye pengo zinabaki zimezama ndani ya gundi, peke yake peke yake. Kisha gundi inaiva na kushikilia kila kitu kikiwa kimebanwa vilevile. Gundi ya fedha ya kawaida ina chembe nyingi mno, zinagusana pande zote. Ukiipaka hapo umefunga njia zote kwa pamoja.

Kampuni ya Sony Chemicals ya Japani, ambayo leo inaitwa Dexerials, ilianza kuleta filamu za aina hii mwaka 1977. Bila ukoo huu wa filamu, vioo vyembamba vya simu na televisheni tunavyovijua vingekuwa vigumu sana kutengenezwa, kwa sababu hakuna zebra inayoweza kushuka hadi njia zilizoachana kwa maikromita 30 au 40.

Gharama yake ni nidhamu. Filamu nyingi za kuunga fleksi na kioo hutaka mambo matatu kwa pamoja: joto la nyuzi 150 hadi 200 ndani ya gundi yenyewe, shinikizo la megapaskali 2 hadi 4 hivi, na muda wa sekunde 5 hadi 20. Kila filamu ina karatasi yake ya maelekezo, na karatasi hiyo ndiyo inayosema. Joto linalosomeka kwenye mashine ni la kichwa, wala si la gundi. Katikati kuna karatasi ya teflon au silikoni na fleksi yenyewe, vyote vinakula joto. Anayeweka namba 180 kwenye mashine akidhani gundi imepata 180 anapika wali kwa moto wa kuotea.

Nililijua hili kwa njia chungu. Mwanzoni mwa kazi yangu niliunga fleksi ya kioo cha kifaa cha kupimia kwa pasi ya kulehemu, nikiisogeza taratibu juu ya kitambaa. Mistari yote ilirudi. Mwenye kifaa alishukuru, akalipa, akaondoka. Masika yalipoingia akarudi, mistari miwili imepotea, baada ya wiki tano. Gundi haikuwa imeiva. Ilishika kwa nje tu, na unyevu ulipoingia ikavimba kidogo, kidogo tu, lakini chembe zinahitaji kuachana na njia kwa sehemu ya maikromita ili umeme ukatike. Nilimrudishia fedha yake. Tangu hapo sijawahi tena kuunga filamu kwa pasi, na sishauri mtu afanye hivyo kwa kifaa cha mteja.

Najua kuna wanaosema mbona kwenye Game Boy inawezekana. Ni kweli. Ile Game Boy ya kwanza ya mwaka 1989, mistari wima ikipotea kwenye skrini, watu hupitisha pasi ya joto la wastani juu ya utepe uliogundishwa chini ya kioo na mistari inarudi. Kiungo kile hulainika tena kikipata joto, kinakaa upya. Filamu ya epoksi ya kwenye simu ya leo ikishaiva haiyeyuki tena. Ukiipa joto la pili unaichosha tu, na unaweza kuunguza kioo. Dawa yake ni kuibomoa yote, kusafisha kwa kiyeyusho chake mpaka njia zing'ae, kisha kuweka filamu mpya. Filamu za akriliki husafishika kirahisi kuliko za epoksi, na hilo ni jambo la kuzingatia kama unajua utarudia kazi.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: kifaa chenye namba kubwa za LCD, njia zake zikiwa pana na nafasi ya kubana ipo, baki na zebra. Mizani, multimita, kipimajoto, kikokotoo. Siku ikisumbua, unaitoa, unaifuta kwa pombe ya isopropili pamoja na njia za bodi, unairudisha. Usiipanguse kwa petroli au tina ya rangi. Silikoni hunywa vimiminika hivyo na kuvimba. Kwa kioo cha rangi chenye njia za kusongamana, huna la kuchagua, ni filamu, na filamu inataka mashine yake.

Utepe wa Z: pale usipokuwa na mashine

Kati ya hizo mbili kuna kitu ambacho wanafunzi na wabunifu wadogo wanakihitaji sana na wachache wanakijua. Ni utepe wa gundi wenye chembe zilizovikwa fedha, unaobandikwa kwa mkono na kupitisha umeme kwenye unene wake pekee. Unaojulikana zaidi ni 3M 9703, wenye unene wa milimita 0.05. Unaubandika kwenye bodi, unavua karatasi, unaweka fleksi juu, unakandamiza kwa nguvu kwa kitu kigumu kilichosawazika. Basi.

Mipaka yake ni ya kuheshimiwa. Mtengenezaji anashauri pengo la angalau milimita 0.4 kati ya njia na njia, na eneo la kugusana la takriban milimita za mraba 3.2 kwa kila njia. Chembe za ndani si ndogo kama za filamu, wala hakuna joto la kuziminya, hivyo unahitaji eneo kubwa ili upate chembe za kutosha. Ukiibandika kwenye fleksi ya kioo cha simu utapata njia zilizofungana na nyingine zilizokatika, kwa wakati mmoja. Jambo la pili, gundi ya kubandika hutambaa taratibu ikivutwa. Fleksi inayoning'inia na uzito wake itajichomoa kidogo kidogo. Weka kibanio, au sifongo na kifuniko cha kuishikilia.

Lakini kwa kazi yake ni mzuri mno. Kuunga LED kwenye utepe wa shaba uliobandikwa kwenye karatasi, kuunga kitambaa chenye uzi wa kupitisha umeme na bodi ndogo ya sakiti, kufanya majaribio ya kihisi cha plastiki kisichovumilia joto. Jie Qi na Andrew Huang walitumia wazo hilohilo walipobuni stika za sakiti za Chibitronics: mtoto anabandika taa kama anavyobandika stika ya daftari, na inawaka. Mwalimu wa sayansi mwenye darasa la watoto 60 na pasi mbili za kulehemu angefanya mengi kwa rola moja ya utepe huu.

Uji wa ACF nautaja kwa ufupi, kwa sababu ni wa viwandani. Ni gundi ileile yenye chembe, ila katika hali ya uji, na inadondoshwa mahali chipu itakapokaa. Kadi na lebo nyingi za RFID, zinazosomwa kwa mawimbi ya redio, hutengenezwa hivyo: tone dogo juu ya antena, chipu yenye upande usiofika milimita moja inageuzwa kifudifudi juu yake, kichwa cha joto kinabonyeza kwa sekunde chache. Chipu ina sehemu mbili au nne tu za kuunga, kwa hiyo hakuna haja ya filamu iliyokatwa kwa kipimo. Kama hutengenezi kadi kwa maelfu, huuhitaji.

Hapa ni kwa jicho la haraka, kwa aliye dukani na simu mkononi:

| | Zebra | Filamu ya ACF | Utepe wa Z | Mpira wa kupimia |
|---|---|---|---|---|
| Kufungua tena | Ndiyo, unasafisha na kurudisha | Hapana, unabomoa | Unabandua, unaweka mpya | Maelfu ya mara |
| Ukaribu wa njia | Sehemu za kumi za milimita | Maikromita makumi | Pengo la 0.4 mm au zaidi | Karibu 0.3 mm na zaidi |
| Joto | Halihitajiki | Nyuzi 150–200 | Halihitajiki | Halihitajiki |
| Kinachoushikilia | Skrubu au fremu | Gundi iliyoiva | Gundi na kibanio | Kifuniko cha soketi |
| Kitu cha kuogopa | Vumbi, kubanwa vibaya | Gundi isiyoiva, unyevu | Kuvutwa, njia nyembamba | Uchafu wa lehemu, kuchoka |

Jedwali halisemi kila kitu. Halikwambii, kwa mfano, kwamba zebra ya kaboni na ya fedha ni vitu viwili tofauti kabisa kwa upande wa mkondo, wala kwamba filamu ya kuunga fleksi na bodi si ileile ya kuweka chipu juu ya kioo. Ukubwa wa chembe na unene wa filamu huchaguliwa kwa kazi. Fleksi na bodi hutaka filamu nene, kwa sababu njia za shaba zimenyanyuka na gundi lazima ijaze mabonde yote kati yake. Ukiweka nyembamba, mabonde yanabaki na hewa, na hewa inaalika unyevu.

Kupima: mpira au pini za springi?

Upande huu wa ukoo una tabia yake. Chipu haikai, inaingia, inapimwa, inatoka, inaingia nyingine. Mshindani hapa ni pini ya springi, ile ambayo mafundi wengi huiita pogo.

Mpira wa kupimia ni karatasi ya silikoni, mara nyingi chini ya milimita moja kwa unene, yenye nguzo ndogo za chembe za nikeli zilizovikwa dhahabu. Zinatengenezwa kwa ustadi unaonifurahisha kila nikiufikiria: silikoni ikiwa bado kimiminika, chembe huvutwa kwa sumaku zijipange wima, nguzo moja kwa kila mpira wa lehemu wa chipu (yale matone madogo ya duara chini yake), kisha silikoni huivishwa na nguzo zinabaki pale pale. Aina nyingine hutumia waya wembamba uliovikwa dhahabu, uliopandwa ndani ya mpira kwa maelfu. Chipu ikibonyezwa, chembe zinakaribiana na umeme unapita. Ikiachiwa, mpira unarudi.

Faida ya kwanza ni ufupi. Kwa hesabu ya haraka, kila milimita ya kipitishi chembamba huongeza indaktansi ya takriban nanohenri 1. Pini ya springi yenye milimita 3 ni nanohenri 3 hivi, na kwa masafa ya gigahezi 5 hiyo ni kizuizi cha karibu omu 94. Mpira wa nusu milimita kwa masafa hayo hayo unabaki karibu omu 16. Anayepima kumbukumbu za kasi au chipu za redio ataiona tofauti hiyo kwenye kila kipimo. Faida ya pili, mpira haukwaruzi. Ncha za pini, hasa zenye taji la meno, huacha alama kwenye mipira ya lehemu, na chipu inayokwenda kuuzwa kama mpya haitakiwi kuwa na majeraha.

Pini nazo zina hoja zake, na nzito. Zinaweza kubonyea nusu milimita bila taabu, ilhali mpira unabonyea sehemu ndogo ya unene wake. Chipu iliyojipinda kidogo inaweza kukosa mguso upande mmoja kwenye mpira na kuupata kwenye pini. Pini huvumilia laki moja au zaidi ya mibonyezo. Mpira huchoka mapema: silikoni inapoteza mnepo, chembe za juu zinang'oka, ukinzani unapanda polepole bila kukupigia kengele. Na pini moja ikifa unabadilisha hiyo moja, ila nguzo moja ya mpira ikifa unabadilisha karatasi nzima.

Chukua mfano wa fundi simu wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anayesoma data kutoka kwenye chipu za eMMC, yaani za kumbukumbu, za simu zilizokufa. Chipu yake ya kawaida ina mipira 153, imeachana kwa milimita 0.5, na imetolewa kwenye bodi kwa hewa ya moto. Chini yake kuna mabaki ya lehemu, kuna flaksi iliyoungua, mipira mingine mirefu na mingine mifupi. Kwake nasema pini za springi bila kusita. Zinavumilia uchafu, zinapigwa brashi, zinapokea urefu usiolingana. Mpira mzuri ungeharibika mikononi mwake ndani ya wiki chache, na kosa lisingekuwa lake. Kasi ya kusoma chipu ya aina hiyo haihitaji ufupi ule wa nusu milimita.

Mpira ni wa meza yenye chipu mpya, safi, nyingi, na vipimo vya kasi. Na anayeuchagua asisahau kifuniko. Kila mguso unataka nguvu ya gramu 30 hivi, pini au mpira. Kwa chipu ya mipira 153 hiyo ni karibu kilo 4.6, kidole kinatosha kufunga. Kwa chipu ya mipira 1,000 ni kilo 30. Bodi ya soketi isipokuwa na bamba la chuma chini yake itapinda katikati, na utapata makosa ya kupima katikati ya chipu huku pembeni pote pako sawa. Watu hulaumu mpira kwa kosa la bodi.

Zebra nayo hufanya kazi ya kupima, na hapa ni bora kuliko yote: kujaribu kioo kipya cha LCD kabla ya kukifunga. Fremu ya mbao au akriliki, bodi ya kuendeshea, kipande cha zebra, unaweka kioo juu na kubonyeza kwa vidole viwili. Ndani ya sekunde tano unajua kama kioo ulichonunua ni kizima.

Unyevu, friji na tarehe

Wanaofanya kazi ukanda wa pwani, kutoka Mombasa hadi Mtwara, wana adui ambaye maelekezo ya mtengenezaji humtaja kwa mstari mmoja tu. Viungo vya filamu hujaribiwa viwandani kwa kuwekwa kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 500 au 1,000, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya haraka ya kukiangusha kiungo dhaifu. Fundi wa Dar es Salaam hahitaji chumba hicho. Masika yanakifanya kipimo hicho bure, kwa muda mrefu zaidi. Kiungo kilichoiva vizuri kinapita. Kilichoiva nusu kinarudi dukani.

Na filamu huanza kuharibika hata kabla haijatumika. Gundi yake imechanganywa tayari na kiivishaji chake, kwa hiyo inaiva polepole hata ikiwa kwenye rola. Ndiyo maana huhifadhiwa kwenye baridi, aina nyingi kati ya nyuzi hasi 10 na 5, na huhesabiwa miezi tu ya uhai. Umeme ukikatika nusu siku si janga. Rola iliyokaa miezi mitatu kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua ni takataka, hata kama bado inanata. Kunata kusikudanganye: filamu iliyokufa hunata vizuri tu, lakini ikibanwa haitiririki, na chembe haziminyiki.

Ukiitoa kwenye friji, iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ifikie joto la chumba, nusu saa au zaidi, ndipo uufungue. Ukiufungua ikiwa baridi, hewa nzito ya pwani itaacha umande juu yake mara moja, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye barafu, na maji hayo yatakwenda kuchemka chini ya kichwa cha joto na kuacha mapovu ndani ya kiungo.

Baada ya kuunga, usitosheke na mistari kuonekana. Kama una hadubini, geuza kioo na utazame kutoka nyuma: kwenye kila njia uone chembe kadhaa zilizobonyea kuwa bapa. Chembe za duara kamili maana yake shinikizo halikufika. Zilizopasuka vipande maana yake lilizidi. Kama unapima kwa umeme, tumia njia ya waya nne, mbili za kupeleka mkondo na mbili za kusoma volti, kwa sababu waya za multimita peke yake zina ukinzani unaoweza kuuzidi ule wa kiungo kizuri.

Na ukienda kununua rola, usimwulize muuzaji bei kwanza. Mwulize inakaa wapi usiku, kisha mwombe akuonyeshe tarehe iliyochapwa kwenye pakiti. Akiitoa kwenye friji, mnaweza kuanza kuzungumza bei. Akiitoa kwenye droo, mshukuru na uende duka la pili.